Kurasa za Mwalimu Barnaba

Njugu zikianza kunukia kwenye kikaango hapa Stechford, Uingereza, kengele ya moshi hulia, binti yangu hugomba, na mimi narudi Nakuru, mtoto wa miaka saba, nikifunga njugu za nyanya yangu kwenye vikaratasi vya magazeti vya kuuzia sokoni. Siku moja magazeti yaliisha. Mimi, mtu wa kusaidia hata nisipoombwa, nikachomoa kitabu chini ya godoro la mjomba Elijah. Shule niliionja tu, kwa hiyo Kiingereza kile kwangu kilikuwa karatasi laini basi. Nikachana, njugu zikaenda sokoni.

Mjomba alikuwa fundi cherehani. Aliishi chumba kimoja na mwalimu Barnaba miaka mingi, na jioni mwalimu alimsomea kitabu hicho huku yeye akipiga pasi. Mwalimu alipofariki, ndugu zake walibeba kila kitu, hata viatu vilivyotoboka. Kitabu tu ndicho hawakukiona. Mjomba alipokuta jalada tupu hakunigusa. Alikimbia sokoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. “Mama, kula njugu, nipe karatasi!” Wakamcheka: “Elijah, siku hizi unakula vitabu?” “Nakula, dada. Lete.” Alirudi na kurasa zenye mafuta, akazishona kwa cherehani. Mwisho wa hadithi moja haukupatikana. Nikalia sana, naye akanikalisha, akanisimulia mwisho huo: marafiki wawili wakafungua duka, wakazeeka pamoja wakigombania blanketi. Nilipokuwa mtu mzima ndipo aliponiambia, akikata kitambaa bila kuniangalia, kwamba zote zilikuwa hadithi za wanaume waliopendana, mwandishi akiukumbuka ujana wake. “Kama mimi na Barnaba,” akasema.

Siku hizi mjukuu wangu Brian huja Jumapili na mchumba wake, Deon, kijana mwenzake wa Handsworth. Wanashikana mikono mezani, binti yangu anajifanya anatafuta chumvi, lakini sahani anawapakulia. Majuzi nilimwonyesha Brian lile jalada, nikamsimulia na ule mwisho wa mjomba, na kabla chai haijapoa alikuwa amekipata kitabu kwenye simu, kizima. Yeye Kiswahili hukielewa lakini hujibu kwa Kiingereza, ila siku hiyo alijitahidi.

“Nyanya, hakuna duka. Mmoja anapanda treni. Mwingine anabaki.”

“Na blanketi?”

“Hakuna.”

Nikamwambia achukue kalamu, aandike ule mwisho wa duka, maana huo haumo kwenye simu ya mtu yeyote.