Mtoto wa Jalalani

Alfajiri ya kwanza mtoto huyu alipolala usiku mzima bila kuamka kunyonya, niliamka kifua kimelowa, matiti yamejaa na yanauma, mwanga umeanza kuingia dirishani, nami sikuthubutu kugeuza shingo kumtazama. Nilikuwa nimewahi kuamka hivyo mara moja tu maishani, katika nyumba hii hii ya Miyuji. Mara ile niligeuka.

Wa kwanza alikuwa msichana. Alikuwa ameshajua kucheka. Alilala akiwa mzima, ameshiba, amecheua, na asubuhi alikuwa wa baridi. Ilikuwa Julai, na ule upepo wetu wa Dodoma unaopenyeza vumbi hata kwenye sufuria iliyofunikwa ulivuma usiku kucha, hivyo nikafikiri ndiyo sababu sikumsikia akilia. Daktari alisema hakulia. Alisema watoto wengine wachanga huenda hivyo, usingizini, bila ugonjwa na bila kosa la mtu yeyote. Nilimchukia daktari yule kwa muda mrefu. Nilitaka sababu, hata kama sababu yenyewe ingekuwa mimi.

Hakuna aliyeniambia kwamba maziwa hayapati taarifa ya msiba. Tulizika, watu wakala wakaondoka, turubai likakunjwa, na bado kila mtoto wa mtaani alipolia, kanga yangu ililowa. Nilikuwa nakwenda nyuma ya tangi la maji kuyakamua chini, kwenye mchanga, nikisaga meno.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia. Nalisema hilo mapema ili nisije nikadhaniwa mtu wa aina nyingine. Wanafunzi wakiniuliza habari za mizimu huwa nawaambia haimo kwenye silabasi, wafungue ukurasa wa mapafu. Basi nilipojifungua wa pili, mvulana, na mama mkwe akapanda gari kutoka Kibakwe na mfuko wa unga wa mtama na kuku aliyefungwa miguu, nilijua ana jambo, na nilijua jambo lenyewe halitakuwemo kwenye silabasi. Alilinyamazia mpaka kitovu cha mtoto kilipoanguka. Siku hiyo akaniketisha jikoni.

"Mkwe wangu, huyu tukimwacha hivi anajulikana," alisema. "Kilichomchukua dada yake kinaijua nyumba hii, na mama yake kinamjua. Lazima awe wa mtu mwingine."

Desturi yenyewe si siri. Mwanamke aliyefiwa na mtoto mchanga, akizaa tena, mtoto hutupwa jalalani. Mwanamke mwingine hupita kama kwa bahati, humwokota, naye huwa wake. Mama mzazi huenda kuomba kazi ya kumlea. Mauti ikija kumtafuta mtoto wa fulani, haimkuti; inayemkuta ni mtoto wa jalala, tena wa watu. Mtoto akiweza kusimama, yule aliyemwokota humleta mlangoni kwa mzazi na kumrudisha.

Nilisema sitaki. Mume wangu, fundi wa umeme, mtu asiyependa ugomvi wa wanawake wawili anaowapenda, akakumbuka ana kazi nje. Nikasema sitaki mara ya pili, kwa sauti ndogo zaidi. Kisha upepo ukagonga mlango wa chumba cha pili, kile alichofia wa kwanza, tulichokigeuza stoo ya mahindi, nami nikauliza, "Nani atamwokota?"

Tulimchagua jirani tuliyepakana naye ukuta. Alikuwa mwanamke wa Kirangi kutoka Kondoa, mjane, muuza maandazi, umri wa dada yangu mkubwa, nami nilimwita dada. Yeye ni Mwislamu, sisi ni Wakristo, na mama mkwe anaamini vyote na vya kwao juu yake. Hakuna aliyeuliza jalala ni la dini gani.

Asubuhi yake mama mkwe alimfunga mtoto kwenye kipande cha kitenge kilichochakaa, akatoka naye hadi kule nyuma tunakomwaga majivu na maganda ya mahindi, akamlaza. Mimi niliamriwa nikae ndani. Nilisimama kwenye dirisha la jikoni nikimwona dada anakuja na ndoo kichwani, anasimama, anaitua, anashika kiuno kama mwigizaji wa shule ya msingi.

"Jamani, nani katupa mtoto hapa?"

Nilicheka. Alikuwa anaigiza vibaya sana. Akamwinua, akampangusa majivu, akaingia naye kwake na kufunga mlango, na kicheko kikaniishia. Mlango ule ulipofungwa nilihisi nimetoka kuzika tena.

Baadaye nilikwenda kupiga hodi kama nilivyofundishwa. Nilisema nimesikia ana mtoto mchanga, nami natafuta kazi ya kulea.

"Unajua kulea?" aliniuliza.

Swali hilo ni sehemu ya desturi; mama mkwe alikuwa amenionya kwamba litakuja. Dada akaningoja, kisha akanijibia mwenyewe. "Utajifunza. Huyu ni mwanangu. Nilelee vizuri." Akaniwekea mtoto mikononi na sahani ya maandazi juu, mshahara wa yaya. Nikarudi nyumbani yaya wa mtoto niliyemzaa kwa uchungu wa siku nzima. Kuanzia hapo nilikatazwa kumwita wangu, mchana na hasa usiku.

Mauti labda ilidanganyika. Mimi sikudanganyika hata kidogo. Mtoto alikuwa mnyonyaji hodari na mlalaji hodari, na kulala kwake ndiko kulikonitesa. Akinyamaza nilitia kiganja mbele ya pua yake. Nisipohisi kitu upesi nilimtikisa mguu. Akishtuka na kulia moyo wangu ulitulia, nikampa titi ili kumtuliza na yeye, akalala, na yote yakaanza upya. Kilio chake kilikuwa dawa yangu. Upepo ulipovuma ilikuwa mbaya zaidi, kwani nilisikia wawili wakipumua: mmoja kando yangu, na mmoja ng'ambo ya ukuta, kwenye stoo, kati ya magunia. Huyo wa ng'ambo alipumua vizuri sana. Nilikuwa naogopa kwamba nikimsikiliza yeye, huyu wa kando ataacha.

Kliniki nilimweleza nesi kwamba mtoto haamki vizuri mchana, anasinzia titi likiwa mdomoni, na ana hasira. Akatazama uzito, akasema ni mzuri. Akauliza usiku anaamka mara ngapi. Nilisema mara nyingi sana.

"Haamki," mama mkwe akasema kutoka kwenye benchi. "Anaamshwa."

Nesi hakunicheka. Alinielekeza kama anavyowaelekeza wengine. Mtoto ameshaongezeka vya kutosha, hana haja ya kuamshwa. Akiwa na njaa atasema mwenyewe. Mnyonyeshe ashibe kabla ya kulala, mcheulishe, mlaze chali karibu nawe lakini mahali pake, bila blanketi zito, bila mto. Ukimnyonyesha usiku, taa iwe hafifu na usipige naye soga. Akiguna, ngoja kidogo, maana watoto huguna wakiwa usingizini. Yote hayo nilikuwa nayajua. Ningeweza kuyaandika ubaoni na kuyatungia maswali.

Tulianza. Mama mkwe alinifundisha kumlaza kabla hajapotea kabisa, macho yakiwa bado yanapepesa, na kumwekea mkono kifuani, mzito kidogo, mpaka ajipe usingizi mwenyewe. Ajabu yake mtoto alijua. Aliyeshindwa kulala alikuwa yaya. Mama mkwe alijitandikia mkeka kati ya kitanda changu na cha mtoto, na kila nilipoteremsha mguu niliukanyaga mwili wake.

"Unakwenda wapi?"

"Kumtazama."

"Mtoto wa watu amelala. Mwache."

Nilimchukia kwa neno hilo. Ila niliurudisha mguu kitandani nikalirudia kimoyomoyo, mtoto wa watu amelala, mtoto wa watu amelala, na ilitokea siku nikalala nikiwa katikati ya kulisema. Mtoto akaanza kuamka mara chache, kisha mara moja tu kabla ya jogoo. Mvua za kwanza zilipokaribia mama mkwe akarudi Kibakwe kuandaa shamba. Mkeka aliniachia.

Basi ndiyo hiyo alfajiri. Mume wangu alikuwa Manyoni kazini. Nilikuwa peke yangu na mtoto, kifua kimelowa, na chumba kimya. Nilisikiliza. Upepo haukuwepo. Hata yule wa stoo hakupumua.

Sikugeuka. Nilishuka kitandani upande wa pili, nikatembea nimeupa ukuta uso, nikatoka uani hadi kwenye mpaka wetu. Upande wa pili mafuta yalikuwa yanachemka na harufu ya iliki imejaa hewani.

"Dada," niliita. "Njoo umtazame mwanao."

Nafikiri alijua kutokana na sauti. Nilisikia anaipua karai, kisha akazunguka getini, mikono imejaa unga. Hakukimbia, na hilo namshukuru mpaka leo, maana angekimbia ningeanguka. Alinipita bila kunitazama, akaingia ndani. Mimi nilibaki nimeegemea tangi la maji, mahali pale pale nilipokuwa namwaga maziwa ya yule wa kwanza. Sikuomba. Nilikuwa nimeomba mara ya kwanza na najua nilichojibiwa.

Alikawia. Au hakukawia, sijui.

"Kumbe hivi ndivyo unavyomlea mwanangu?" alisema huko ndani kwa sauti ya kawaida, na kabla hajamaliza mtoto akapaza kilio, kilio cha mtu mwenye njaa aliyekatishwa usingizi. Maziwa yakaruka yenyewe, yakanitiririka hadi kitovuni. Dada akatoka naye, alama za unga zimemjaa mtoto mashavuni. "Yaya," akasema, "mtoto anataka kula." Nilikaa chini pale pale mchangani nikamnyonyesha, na nililia kwa sauti kubwa kuliko yeye.

Mtoto aliposimama kwa mara ya kwanza, ameshika mguu wa meza, dada alikuja kutimiza yake. Alimbeba akampeleka kwake, akarudi naye mlangoni kwangu, amevaa baibui jipya kwa heshima ya shughuli.

"Hodi. Nimekuletea mwanao. Mpokee."

Nilikuwa nimepika. Mama mkwe alikuwa amekuja kwa ajili ya siku hiyo. Nilifungua mdomo na kilichotoka ni, "Bado, dada. Kaa naye kidogo."

Mama mkwe alinuna mpaka akaondoka. Kidogo hicho kikawa miaka. Dada akafunga biashara ya maandazi, akarudi kwao Kondoa, na mtoto akawa anakua kwangu akiwa wake. Alinipigia simu mara kwa mara. "Mwanangu hajambo?" "Hajambo, mwanao amelala." Hata kama mtoto alikuwa nje anapiga mpira, nilisema amelala, na nililala vizuri baada ya kusema hivyo. Shuleni nilikuwa nasaini kama mzazi, bila tabu, karatasi haisikii. Mdomoni nilimwita kijana, baba, bwana mkubwa. Watu walidhani ni mapenzi ya utani. Mtoto mwenyewe hakuwahi kuuliza.

Mwaka huu presha imempiga dada, upande mmoja wa mwili umelegea. Alinipigia saa za alasiri, maneno yanamtoka taratibu.

"Mdogo wangu, nina kitu chako."

"Kaa nacho, dada. Utapona."

"Sikiliza. Mtoto aliokotwa na mimi. Nikiondoka kabla hujampokea, naondoka na changu." Akapumzika. "Sitaki kwenda naye."

Hilo halimo kwenye silabasi. Nilisimama uani simu sikioni. Mtoto alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni anachonga penseli, maganda yakimwangukia miguuni.

"Nimempokea," nilisema.

"Unajua kulea?"

"Najua, dada."

"Haya," alisema. Nikasikia anashusha pumzi, ndefu, kama mtu aliyetua ndoo.

Mtoto alikula, akaoga, akapanda kitandani na kulala fofofo kama alivyo siku zote, mdomo wazi, mguu mmoja nje. Upepo ulikuwa umeanza. Nilitandika mkeka wa mama mkwe sakafuni, nikakaa kando ya kitanda cha mwanangu, nikatia kiganja mbele ya pua yake, na sikukiondoa mpaka kulipokucha.