Kisima cha Chumba cha Nyuma

Chumba ninachofanyia kazi kina unyevunyevu kuliko chumba chochote nilichowahi kukaa, jambo ambalo lingenichekesha kama lisingekuwa linanimaliza kifua. Ni stoo ya kumbukumbu za kampuni ya zamani ya maji, ile iliyoleta bomba mjini kabla wazazi wangu hawajazaliwa. Kampuni yenyewe ilishakufa, yamebaki makaratasi. Jengo liko upande wa Kivukoni, karibu kiasi cha kusikia honi ya pantoni. Ndani kuna ramani zilizochorwa juu ya kitambaa, na masanduku ya kadi, kadi moja kwa kila nyumba iliyounganishiwa maji. Kazi yangu ni kuzipanga kwa mitaa kabla hazijapigwa picha na kuingizwa kwenye kompyuta. Watu wakiniuliza nafanya nini huko, nawaambia nawapangia marehemu nyumba zao. Huwa hawacheki.

Kila kadi ina nafasi ya kisima. Zamani nyumba nyingi za Kariakoo zilikuwa na kisima uani, na sheria ya kampuni ilikuwa haina mjadala: hupewi bomba mpaka kisima chako kijazwe mchanga na kifusi hadi juu, kwa ajili ya mbu na kipindupindu. Bwana maji alikuja kukagua, akiridhika akaandika neno moja. Kimefukiwa.

Nilipofikia sanduku la mtaa wetu nilipunguza mwendo, maana hapo ndipo nilipozaliwa. Mwandiko ulikuwa mmoja, herufi zimeinamia kulia, wino uleule. Kimefukiwa. Kimefukiwa. Mtaa mzima, upande huu na upande ule, hakuna hata nyumba moja iliyosumbua. Nikaikuta kadi ya nyumba ya babu na bibi yangu, na kusema kweli nilifurahi, nikaipangusa vumbi kwa upindo wa khanga kana kwamba nimekutana na ndugu. Kimefukiwa, na kipimo pembeni: kisima kilikuwa nyuma, mkono wa kushoto, mahali ambapo baadaye palijengwa chumba. Chumba hicho nakijua. Sasa hivi humo analala shangazi yangu.

Furaha ikanikatika hapohapo, kwa sababu nilikumbuka siku babu alipofariki.

Kwetu maiti huoshewa nyumbani, juu ya kitanda cha kamba, na chini ya kitanda huchimbwa ufuo, yaani shimo la kupokea yale maji. Nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Wanaume walishika majembe wakaelekea chumba cha nyuma, maana ndicho kilichokuwa na stara na kipo karibu na uani. Bibi, ambaye tangu alfajiri hakuwa amefungua kinywa, akasimama mlangoni akawaambia, "Huku hapachimbwi." Wakambembeleza. Akasema tena, "Kachimbeni mbele." Basi ikabidi watoe bidhaa zote za duka la babu, wavunje sakafu ya chumba cha mbele, na maiti ioshewe pale karibu na barabara. Watu walinong'ona kwamba uchungu umempanda kichwani. Na mimi niliamini hivyo, miaka yote hiyo.

Lakini si hilo tu. Katika chumba kile cha nyuma ilikuwa marufuku kutwanga. Ukitaka kutwanga unatoka na kinu chako uani, hata mvua inyeshe. Ukiuliza sababu, unaambiwa ni adabu ya nyumba.

Nilikaa na ile kadi mkononi nikaisoma tena. Mtu akishafukia kisima, anaogopa nini kupachimba?

Nikampelekea mkuu wangu. Ni mtu mpole, anapenda chai ya maziwa na hapendi matatizo. Akaisoma kadi mbele na nyuma.

"Sasa dada, si imeandikwa kimefukiwa?"

"Imeandikwa, ndiyo. Mimi nasema hakijafukiwa."

"Una karatasi inayosema hivyo?"

"Nina bibi yangu."

"Yuko wapi?"

"Alishafariki."

Akanirudishia kadi kwa upole mkubwa, akasema niirudishe kwenye sanduku lake isije ikapotea. Nilitamani kumpiga nayo.

Jioni nikaenda kwa shangazi. Nyumba yetu ndiyo ya mwisho isiyo ghorofa katika mtaa ule. Kushoto ghorofa, kulia ghorofa, mbele ghorofa, na jua linaingia uani kwa kuomba ruhusa. Vyumba vya mbele amewapangisha wauza viatu wa Mchikichini wanaoweka mizigo, yeye akajibana nyuma na kitanda chake, kabati la vyombo na radio. Ukuta kwa ukuta na chumba hicho ndipo lilipo ghorofa la jirani, mfanyabiashara wa jumla kutoka Kilimanjaro. Ni jirani mwema. Kila Idi humletea shangazi mchele na mafuta, na Krismasi shangazi humpelekea sambusa. Ubaya ni fuso zake tu. Mchana kutwa zinashusha marobota ya mitumba, na vijana hawayashushi, wanayatupa kutoka juu. Robota likitua, vikombe vya shangazi vinalia kabatini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona uso umekushuka hivyo? Umefukuzwa kazi?"

Nikamweleza. Alinisikiliza huku akichambua mchele, hata mkono haukusita.

"Kisima kilifukiwa zamani," akasema. "Mimi mwenyewe nilikuwepo. Bwana maji alikuja, kaptura ya kaki, kofia kwapani. Nilimpelekea kahawa mimi."

"Alikiona kisima?"

"Angekionaje? Baba alikuwa dukani na wateja, uani wanawake watupu. Alikaa pale ukumbini, nje ya pazia. Akauliza, 'Mama, kimefukiwa?' Mama akajibu kutoka ndani, 'Kimefukiwa.' Akanywa kahawa yake, akaandika, akashukuru, akaondoka. Alikuwa mtu wa heshima sana, yule."

Hapo nikaelewa kwa nini mtaa mzima haukuwa na nyumba iliyosumbua. Alipita nyumba hadi nyumba na heshima zake, akauliza pazia, na pazia likamjibu.

"Shangazi, mchanga uliingizwa na nani?"

Mkono ukasita kwenye mchele. "Mchanga gani?"

"Wa kufukia. Kisima kinataka mchanga mwingi. Uliona mikokoteni?"

Akafikiri. Akasema aliona boriti. Anakumbuka boriti za mikoko zikipitishwa uani, na mafundi wa udongo na chokaa, na baada ya muda pakasakafiwa, baadaye pakajengwa chumba. Kisha akanikasirikia. "Unataka nini wewe? Nimelala humu miaka nenda miaka rudi. Mama yangu hakuwa mwongo. Wote mna lenu moja, mnataka nihame ili pauzwe."

Hilo liliniuma, maana binamu zangu kweli wanataka pauzwe, na wananitumia meseji kila wiki. Nami nina hasira za karibu. Sikubishana. Nilitoka uani, nikauchukua mchi uliokuwa umeegemea kinu, nikarudi nao chumbani, nikauinua juu ya sakafu kando ya kitanda.

"Usitwange humu!"

Alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mchele ulimwagika wote. Alikuwa ameshaudaka mchi kwa mikono miwili, mwanamke wa umri ule, na ananitazama kana kwamba nimetaka kumpiga mtoto.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

Upande wa pili wa ukuta robota likatua, vikombe vikalia, na sote wawili tukatazama sakafu. Taratibu shangazi akauegemeza mchi ukutani, kwa uangalifu, asije akaugonga.

"Mama alikuwa akisema bomba ni la wenyewe, kisima ni chetu," akasema kwa sauti ndogo. "Akasema bomba hulijui litakatika lini."

Usiku ule ule tulihamishia kitanda ukumbini, tukikanyaga kama wezi. Kabati alikataa kulisogeza, akasema litahamishwa na vijana kesho. Kesho ikawa kesho kutwa, masika yakaanza, na hakuna aliyekuja. Kwa siku zile sikulala vizuri hata mara moja. Kazini niliendelea na mitaa mingine, na kila nilipoliona neno lile nililisoma kwa sauti ya bibi, akiwa nyuma ya pazia.

Nilipigiwa simu adhuhuri moja ya mvua. Shangazi hakuuliza shikamoo iko wapi wala nini. Alisema, "Njoo."

Nilimkuta amekaa kwenye kiti ukumbini, miguu juu kama mtoto. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Pale palipokuwa na kitanda hapakuwa na kitu. Kabati nalo halikuwepo. Kulikuwa na mdomo wa duara wa mawe, umejengwa vizuri ajabu, na vipande vya boriti vimeoza vikining'inia pembeni. Nilipolala kifudifudi kizingitini nikachungulia, niliyaona maji, meusi, na mlango wa kabati ukielea. Nje robota likatupwa. Maji yakatetemeka, duara ndani ya duara, kisha yakatulia kusubiri lingine.

Niliogopa. Siwezi kulisema kwa namna nyingine. Nilirudi nyuma kwa magoti.

Shangazi alikuwa analia, si kwa ajili ya vyombo. "Alinilaza mle," alikuwa akisema. "Mama alinilaza mle tangu nikiwa mwari, akijua." Nikamwambia bibi aliziamini boriti zake, na kwamba aliondoka kabla ya maghorofa na mafuso. Nadhani ni kweli. Siku ile ile alihamia kwangu Ilala.

Jirani alikuja tukiwa bado tunasubiri taksi nje mlangoni. Alikuwa ameloa, kofia mkononi. Alitoa pole kwanza, kama inavyotakiwa, akamwambia shangazi Mungu ni mwema, kitanda kingekuwa pale leo tungekuwa tunasema mengine. Kisha akaenda kutazama. Alirudi polepole kuliko alivyokwenda, akanigeukia mimi.

"Mama, wewe si unafanya kwenye yale makaratasi ya maji?"

"Ndiyo."

"Na huku kwangu? Kadi inasemaje?"

"Inasema kimefukiwa."

Akashusha pumzi. "Tumshukuru Mungu."

"Ya shangazi pia inasema kimefukiwa," nikamwambia. "Bwana mmoja aliandika zote. Hakuingia uani hata mara moja."

Mvua ilikuwa inamtiririka usoni na hakuipangusa. Akasema wale waliomuuzia kiwanja walikuwa wazee wa hapa, je, najua walihamia wapi, apate mtu wa kumuuliza. Nikamwambia mzee alishafariki, na mkewe pia, na watoto walitawanyika na hakuna anayejua namba zao. Hata hivyo alitaka nimwambie angemuuliza nini hasa, kama angempata.

"Ungemuuliza ni chumba gani walikuwa hawatwangi," nikasema. "Na siku ya msiba, ufuo walichimba wapi."

Alielewa, au alielewa vya kutosha. Aliinua macho akalitazama ghorofa lake, orofa kwa orofa, na mimi nikatazama naye: nguo zimetundikwa kwenye vibaraza, mafundi cherehani dirishani, mama ntilie chini ya ngazi na masufuria yake, wateja wakikwepa mvua mlangoni. Fuso lilikuwa limeegeshwa kinyumenyume, na juu yake kijana ameshainua robota kichwani.

"Usitupe!" jirani akapiga kelele, akaanza kukimbia na mikono juu. "Acha! Wekeni chini taratibu! Taratibu!"