Nilipojifanya Mtalii Uhindini

Sisi tuliokulia Mwanza miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu baada ya wazazi wetu kuchoka kupanga foleni ya sukari, tulikuwa na ujinga wetu wa pekee. Chochote kilichotoka nje tulikiona kitukufu. Mtoto akiokota kopo la soda lenye maandishi asiyoweza kuyasoma, alilipanga juu ya kabati kama kikombe cha ushindi. Mimi nilivuka hata hapo. Nikiwa darasa la sita, niliamua kuwa mtalii.

Lawama naziweka kwenye mitumba. Mama alikuwa akiuza nguo sokoni, na siku moja, katika mfuko wa koti zito ambalo hakuna mtu wa Mwanza angelivaa bila kuzimia, nikakuta kamera. Nyeusi, imekwaruzwa, haina mkanda wa picha ndani. Mama akaiona haina kazi, akaniachia. Jioni hiyo hata michembe, viazi vitamu vyetu vya kukaushwa, sikuigusa, mimi niliyekuwa nikigombania hadi ukoko.

Likizo ilipofika nikatoka kwetu Buswelu, ambako enzi hizo kulikuwa na mashamba ya mihogo na ng'ombe wenye dharau, nikaenda kukaa kwa shangazi mjini. Shangazi alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka moja jirani na Uhindini, mtaa wa zamani wa wafanyabiashara. Wazungu waliokuwa njiani kwenda mbugani walipenda kuuzunguka mtaa ule, wakitazama nyumba za ghorofa zenye roshani za mbao na mwaka wa kujengwa juu ya mlango. Huku unasikia kengele za hekalu, kule adhana, na harufu ya bizari inapigana na ya dagaa wa ziwani, hakuna inayokubali kushindwa.

Shangazi aliponiona na kamera shingoni alisimamisha cherehani. "Sikiliza. Kule ni nyumbani kwa watu, si mbuga ya wanyama. Ukifika salimia. Usichungulie milango ya watu. Na mtu hapigwi picha kabla hajakubali."

"Ndiyo, shangazi," nikajibu, na hapo hapo nikasahau.

Nikavaa kofia ya mama ya shambani, nikaanza kutembea nimebinua kifua, nikiongea kwa pua. "Leo mimi ni mtarii," nikamtangazia binamu yangu Tabu, aliyekuwa mtoto wa mjini haswa.

"Mtalii!" Tabu akaangua kicheko. "Jina lenyewe linakushinda."

Haikunizuia. Nilimpiga picha muuza karanga aliyesinzia. Nilimpiga mteja wa kinyozi akiwa na povu nusu ya uso, akatukimbiza hadi kona. Kisha nikauona mlango mmoja mkubwa uko wazi, na ndani ua wenye kivuli. Tabu akanishika mkono. Nikajinasua, nikaingia.

Bibi mmoja wa Kihindi, amevaa sari nyeupe, alikuwa ameketi chini peke yake akichambua choroko kwenye sinia. Kando yake palikuwa na kiti kitupu chenye shada la maua. Nikainua kamera. Kacha!

Akaniangalia bila haraka. "Mwangaluka," akasema.

Mimi, Msukuma mwana wa Msukuma, nikaamkiwa Kisukuma na Bibi wa Kihindi, na kamera bado iko usoni!

"Kwenu mtu huingia namna hii?" akauliza, sasa kwa Kiswahili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Sasa toka nje, uanze upya."

Nikatoka. Nikasimama mlangoni na kofia yangu, Tabu akinitazama kama anayetazama maiti. Nikapiga hodi. Kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ndipo akajibu, "Karibu, mjukuu wangu," kwa sauti tamu kana kwamba hajawahi kuniona.

Aliitwa Bibi Hansa. Alizaliwa mtaa ule ule. Kiti kile kilikuwa cha mume wake, aliyefariki miezi michache nyuma. Nyumba ilikuwa imeuzwa, naye alikuwa anahamia kwa mwanawe Dar es Salaam. Mimi na Tabu alitupatia maji na chevda, ule mchanganyiko wa kutafuna wa dengu na karanga, akatueleza nani alilala chumba kipi. Kisha akasema, "Wewe una kamera. Nipige na nyumba yangu kabla sijaondoka."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Badala yake nikasema, "Sawa, Bibi."

Akajifunga sari upya, akachana nywele, akawaita majirani. Wakaja: muuza vitambaa, mama wa Kikerewe aliyeuza sato, hata yule wa povu, sasa amenyolewa, akinikazia macho. Wakajipanga ngazini, Bibi katikati. Nikawasogeza huku na huko kama afisa, nikawaambia watabasamu, nikabofya kamera tupu mara tatu.

"Utaniletea Jumamosi?"

"Jumamosi, Bibi."

Siku tatu nikaukwepa mtaa ule. Ijumaa nikamwambia shangazi. Hakunipiga, ingawa ningependa anipige yaishe. Alinishika mkono hadi mlangoni pale, akapiga hodi, akanisukuma mbele.

"Bibi, kamera haina mkanda," nikasema, nikilia.

"Najua," akasema Bibi Hansa. "Mume wangu alipiga picha za watu miaka mingi. Mlio wa kamera tupu ninaujua kama sauti yake."

Shangazi akashangaa. "Sasa mbona ulijipamba, mama, ukawaita watu wote wale?"

Bibi akakitazama kiti cha mumewe. "Tangu msiba uishe, hawakuwa wakiingia. Waliogopa kunisumbua. Siku ile walikuja, tukacheka, wakakaa hadi jua likazama." Akanifuta machozi kwa pindo la sari. "Lakini usimfanyie mwingine."

Wiki iliyofuata aliondoka. Sikumwona tena.

Mwaka jana nilipita pale na binti yangu. Nyumba haipo, pamesimama jengo la vioo. Binti alipiga picha mia na simu yake kabla hajamwamkia hata mtu mmoja, nami nikaanza kumhutubia juu ya enzi zetu, heshima na hodi. Akanisikiliza, maskini, kisha akauliza, "Huyo Bibi alikuwa na sura gani?"

Sari naikumbuka, sinia la choroko nalikumbuka. Sura yake siikumbuki. Mara ya kwanza nilijificha nyuma ya kamera, mara ya pili niliinamisha macho kwa aibu. Watoto wa leo tunawasema kwamba hawatazami, na angalau wao wana picha. Mimi nilikaa mbele yake siku mbili, akanilisha na kunifuta machozi, na sikumtazama.