Taarifa Ambayo Haikufika Posta

Nilifanya kazi ya kuandika na kukagua mikataba ya serikali hadi nilipostaafu, na kazi hiyo ilinifundisha kutoliamini jambo mpaka nilione limeandikwa na kutiwa saini. Majirani zangu wa Mkonze, hapa Dodoma, hunicheka kwa hilo. Wakiniambia mvua imenyesha Ihumwa, nauliza nani aliyelowa. Nakiri mapema kwamba ninayoyaeleza hapa niliyafanya kwa hasira, tena hasira niliyoitunza kwa miezi mingi, na sijutii.

Binti yangu wa mwisho hutengeneza michezo ya video. Mchezo wake wa kwanza unamhusu bibi wa Kigogo anayetafuta maji wakati wa kiangazi: anapita katika mito iliyokauka, anachunguza mchanga, anachimba kwa mikono na kwa kata, na kila kisima anachokipata kinamfungulia njia ya kijiji kingine. Mwendo wa bibi yule ni mwendo wa marehemu mke wangu. Binti yangu alikuwa amempiga mama yake picha za video akitoka mtoni na ndoo kichwani, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo kwa sababu ya goti, na kutokana na picha hizo akamuumba mhusika wake. Nilipouona mchezo huo kwa mara ya kwanza, nilitoka nje nikakaa peke yangu.

Alisaini mkataba na kampuni moja ya Dar es Salaam inayochapisha michezo, bila kunionyesha. Hata hivyo, kwa kuwa hakuwa na anwani ya posta, alijaza namba ya sanduku langu mahali palipotaka anwani ya Mtengenezaji, kama watoto wangu wote wanavyofanya tangu walipokuwa wakiomba nafasi za shule. Siku ya uzinduzi, katika ukumbi mmoja wa Nzuguni, nilimwomba mkurugenzi wa kampuni, kijana wa rika la binti yangu, anipatie nakala niisome.

"Mambo, mzee!" akasema, kana kwamba tulisoma darasa moja. "Huu si mkataba wa shamba la zabibu. Haya ni mambo ya vijana. Wewe kula pilau."

Waliokuwa karibu wakacheka. Nikala pilau.

Mchezo ulipendwa. Niliwaona wanafunzi wakiucheza kwenye vituo vya daladala, na wanawake wa kanisani wakaniuliza kama ni kweli kwamba yule bibi ni marehemu mke wangu. Kisha, baada ya mwaka na miezi kadhaa, zikaanza habari. Rafiki mmoja wa binti yangu alisikia kwa mchoraji, naye mchoraji alisikia kwa dereva wa kampuni, kwamba mchezo umekufa na hakutakuwa na sehemu ya pili. Mwishowe mkurugenzi mwenyewe akampigia simu: soko limebadilika, bibi kizee hauziki tena, heri atafute kazi nyingine. Akataka kumtumia karatasi fupi ya kuachana kwa amani ili aisaini. Binti yangu akarudi nyumbani na begi lake, akawa anashinda kitandani.

"Baba, basi tena," akaniambia. "Mama amekufa mara ya pili."

"Nani kasema?"

"Kila mtu anasema."

"Kila mtu hana saini. Mkataba uko wapi?"

"Kurasa arobaini zile, Baba! Nani anazisoma?"

"Mimi."

Nilizisoma kwa siku mbili, nikiwa na penseli. Watu hudhani mkataba humfunga anayeusaini tu. Mimi najua kwamba humweka wazi pia aliyeuandika, kwa sababu hawezi kujilinda dhidi ya jambo bila kulitaja. Katika kifungu cha tafsiri, neno "Mchezo" lilipewa mstari mmoja, na neno "Mfululizo" likapewa ukurasa mzima, kwamba una sehemu ya kwanza hadi ya tano. Kiambatisho kilieleza kwamba mwanamke wa Kondoa aliyetoa sauti ya bibi hataruhusiwa kutoa sauti katika mchezo mwingine wowote kwa miaka saba, ilhali kazi yake katika mchezo ule ilikwisha kwa wiki moja. Kampuni ilijiwekea haki za katuni, za wanasesere na za majalada ya madaftari. Kisha nikafika kwenye sharti lililonifanya niweke penseli chini: katika sehemu ya kwanza, Mtengenezaji hataruhusiwa kumuua Mhusika Mkuu, kumhamisha kutoka nyanda za kati, wala kumaliza vijiji vyote. Mtu asiyekusudia kurudi hana sababu ya kumkataza bibi asife.

Kwa hiyo habari za kwamba mchezo umekufa zilikuwa na mwenyewe, na sababu yake ilikuwa katika kifungu cha kumi na nane: sehemu ya pili ikitengenezwa, binti yangu awe wa kwanza kupewa uongozi wa kazi hiyo. Njia ya kumkwepa ilikuwa kumkatisha tamaa mpaka asaini ile karatasi fupi. Lakini kifungu cha kumi na tisa kilisema kwamba kampuni ikitaka kuushikilia Mfululizo, itoe taarifa ya maandishi ndani ya miezi kumi na minane tangu uzinduzi. Taarifa iende kwa barua ya rejista, katika sanduku la posta lililotajwa. Ya simu, ya barua pepe au ya mdomo haitahesabiwa. Isipofika, Mhusika Mkuu na sehemu zote zijazo vinarudi kwa Mtengenezaji.

Lugha ile niliifahamu. Ni ya ofisi za zamani kama yangu, na wakili wao aliinakili bila kufikiri kwamba ipo siku itamhusu. Zilikuwa zimebaki wiki saba.

"Nampigia sasa hivi," binti yangu akasema. "Nitamwambia yeye ni mwongo, tena mbele ya wafanyakazi wake."

"Ukimpigia utamkumbusha tarehe. Usisaini kitu, usijibu kitu. Akikuuliza hali, mwambie unaumwa."

"Baba, huko si ni kuvizia?"

"Ni kuvizia."

Nikawa nakwenda posta kila Jumanne na kila Ijumaa. Sikuwahi kuogopa ufunguo mdogo kama ule. Barua moja tu ingetosha kuwapa watu wale mwendo wa mke wangu kwa sehemu nne zaidi, wamvalishe wanavyotaka na kumsemesha wanavyotaka, nasi tubaki kumtazama katika majalada ya madaftari.

Siku tatu kabla ya mwisho, simu ya binti yangu ikalia. Mkurugenzi alikuwa ametuma picha ya barua yenye nembo na muhuri: kampuni inaendelea na Mfululizo, na kwa kuwa Mtengenezaji hajaonyesha nia, timu nyingine imeshateuliwa.

"Wamewahi!" akalia. "Baba, wamewahi!"

"Hiyo ni picha. Barua yenyewe iko wapi?"

Nilisema hivyo kwa sauti ya ofisini, ila nilikuwa nikihesabu siku. Mwenye picha ya barua anayo barua, na kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni safari ya siku moja.

Ijumaa, siku ya mwisho ya muda ule, nilikuta sandukuni mwaliko wa harusi na kalenda ya parokia. Nikaenda dirishani kwa karani, dada mmoja mcheshi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Naomba uniandikie kwamba hadi mnafunga leo hakuna barua ya rejista iliyoingia kwenye sanduku langu."

"Yaani nikuandikie kwamba hujaandikiwa?"

"Ndivyo."

"Mzee wangu, nikianza mchezo huo nchi nzima itapanga foleni hapa!"

Alicheka, lakini alilipekua daftari lake. Nikakaa kwenye benchi mpaka dirisha lilipofungwa. Ndipo akaandika mistari miwili na kugonga muhuri. Jumatatu nikaituma nakala kwa kampuni, kwa barua ya rejista, pamoja na taarifa kwamba bibi amerudi kwao.

Hazikupita wiki mbili, mkurugenzi akaja Mkonze. Safari hii aliinama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Keti hapo usome kifungu cha kumi na tisa. Kwa sauti."

Akasoma. Alipofika kwenye sanduku la posta akafuta jasho.

"Baba, siku hizi nani anafungua sanduku la posta?"

"Endelea kusoma."

Alipomaliza, alijieleza. Walisubiri mpaka dakika ya mwisho wakitumaini kwamba binti atasaini karatasi. Barua ilibaki mezani kwa katibu wake, kila mmoja akidhani picha imetosha. Sehemu ya pili imefika nusu, na wachoraji watakosa kazi. Akaahidi kumpa binti yangu uongozi kama ilivyoandikwa, na jina lake mwanzoni kabisa.

Binti yangu alinitazama. Nilijua amelegea kwa ajili ya wachoraji, nami nikamwachia, kwa kuwa mkataba ulikuwa wake. Akamgeukia mkurugenzi.

"Siku uliponiambia mama yangu hauziki, sehemu ya pili ilikuwa imeanza?"

Mkurugenzi alitazama viatu vyake.

"Ilikuwa imeanza."

"Wachoraji wakitaka kazi, waje kwangu." Akamsogezea kalamu na hati ya kurudisha haki niliyokuwa nimeiandaa, picha zote za video za mama yake zikiwa zimetajwa humo moja moja. Mkurugenzi akasaini kila ukurasa. Nilimsahihisha pale aliporuka mmoja.

Kwetu mgeni haondoki peke yake. Hata aliyekuja kwa ugomvi hupelekwa hadi barabarani. Binti yangu alikwisha kunyanyuka, nikamwambia aketi. Tukamsikia mkurugenzi akihangaika na komeo la geti, ambalo mgeni hawezi kulifungua asipoonyeshwa, na hakuna aliyekwenda kumwonyesha.