Mbwa Mwitu Aliyerudi Bondeni

Kila jioni, kabla ya kujipikia chai, Elphas hujifunga kamba kiunoni, akaifungia kuti kavu la mtende kwa nyuma, kisha akalikokota akiuzunguka ua wote wa waya wa zizi la kondoo. Ukimwona kwa mbali utadhani ni punda aliyepokonywa mkokoteni. Mchanga hubaki laini nyuma yake kama shuka iliyopigwa pasi. Asubuhi huuzunguka ua ule ule akiwa ameinamisha kichwa, akitazama ni nani aliyepita usiku: nyoka, mbweha, panya wa jangwani, au binadamu. Hakuna aliyemwagiza. Alianza siku wezi walipokata waya wa jirani, na tangu hapo chai haimshuki vizuri kabla hajaona mchanga unasema nini.

Zizi hilo liko jangwani, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Riyadh. Kondoo ni wa Mzee Mutlaq, weusi wenye vichwa vyeupe, na mzee huwapenda kuliko nyumba yake ya mjini. Baridi ikiingia huwaachia wanawe nyumba hiyo na viyoyozi vyake, akahamia hemani karibu na zizi, yeye na birika lake la kahawa. Elphas humwita Baba. Mzee humwita Elfas, na akikasirika humwita Kenya, kama vile nchi nzima imemkosea.

Elphas ni Mbukusu wa karibu na Kimilili. Alipofika Saudia alianzia Bandari ya Jeddah, akibeba magunia mchana na usiku akilala mtaa wa Karantina, katika chumba ambamo wanaume walipangana kama omena kwenye gunia. Mkataba ulipoisha, kafili wake, yaani mdhamini wake wa kazi, akamhamishia kwa Mzee Mutlaq. Usiku wa kwanza jangwani alishindwa kulala kwa sababu ya ukimya. Usiku wa pili alilala mpaka jua likamchoma uso. Tangu wakati huo amekuwa akiomba Mungu jambo moja: asirudishwe kule bandarini. Watoto wake wawili wako sekondari, mama yake anakaa kwenye nyumba isiyo na madirisha bado, na yeye, kwa mara ya kwanza ugenini, ana mahali anapoweza kuvuta pumzi.

Asubuhi moja ya Januari, mchanga ulimwambia jambo jipya. Nyayo zilikuwa kama za mbwa, lakini si za Askari, mbwa wa zizi, ambaye hutembea kama mlevi, huku na kule, akinusa kila kijiwe. Hizi zilikwenda mstari mmoja kama uzi. Zilifika kwenye waya, zikasimama, zikaendelea. Elphas alikwenda kumwita mzee.

Mzee Mutlaq alikuja na mkongojo wake, akatazama, kisha akafanya jambo ambalo Elphas hakuwahi kumwona akilifanya nje ya swala: alipiga magoti. Akaweka kiganja juu ya unyayo taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Dhib," alisema. Mbwa mwitu.

Elphas alimjua mbwa mwitu wa Biblia, yule anayevaa ngozi ya kondoo. Huyu wa Mzee Mutlaq alikuwa mwingine kabisa. Siku hiyo mzee alisimulia huku kahawa ikipoa. Alipokuwa kijana alimuua mbwa mwitu mmoja katika bonde hilo hilo, akamtundika kwenye mgunga kando ya barabara, kama ilivyokuwa desturi, ili kila mpita njia ajue. Msimu mzima wa baridi jina lake lilitajwa katika kila hema. Akina mama walikuja kuomba meno ya mnyama yule wawavishe watoto shingoni, kwani waliamini majini humwogopa mbwa mwitu. Na mwanawe wa kwanza alipozaliwa, akampa jina la Dhiyab, ambalo ni hao hao mbwa mwitu, kwa kuwa hakuna sifa iliyompendeza kijana wa jangwani kuliko hiyo.

"Baba, mlimchukia au mlimpenda?" Elphas aliuliza.

"Alikula kondoo wangu. Ningempendaje?" mzee alisema. "Lakini baada ya yule hakuja mwingine. Nikangoja mwaka, nikangoja miaka. Bonde likawa kama nyumba ambayo wageni wameacha kuja. Nilifurahi, kisha nikachoka kufurahi."

Mgeni hakuchelewa kujitambulisha. Wiki hiyo hiyo alichukua mwanakondoo ambaye Elphas mwenyewe alikuwa amemlea kwa chupa baada ya mamake kumkataa. Elphas alikuta damu kidogo na manyoya kwenye waya, akatukana Kibukusu mpaka Askari akaenda kujificha nyuma ya pipa la maji.

Hapo ndipo alipokumbuka mambo ya kwao. Baba yake alikuwa mwindaji pembezoni mwa msitu wa Elgon, na mbwa wake wote walivaa kengele shingoni wakiingia porini. Elphas alichukua kopo la maziwa, akatia nati mbili ndani, akamfungia Askari shingoni. Usiku kucha kopo likalia ngara-ngara kuzunguka zizi. Siku ya kwanza, mbwa mwitu hakuja. Ya pili, hakuja. Elphas akaanza kupiga mluzi akifanya kazi. Usiku uliofuata, kopo likilia upande wa mashariki, mbwa mwitu aliingia upande wa magharibi, akachukua kondoo jike mnene bila haraka yoyote.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Kenya! Umemtengenezea mwizi saa ya mkononi. Sasa anajua mlinzi yuko wapi kila dakika."

"Kwetu kengele ilifanya kazi, Baba."

"Kwenu mlikuwa mnawinda ninyi. Hapa anawinda yeye."

Elphas alimvua Askari lile kopo kwa aibu. Lakini katika aibu ile kulikuwa na kitu kingine kilichomsumbua, na alikitambua akiwa anawamwagia kondoo maji: alikuwa amevutiwa. Mnyama aliyemkosesha usingizi alikuwa amekaa mahali fulani juu ya mawe, akasikiliza, akafikiri, akampiga chenga. Baba yake angemvulia kofia mnyama wa namna hiyo, na kesho yake angemfuata na mkuki.

Ijumaa Dhiyab alifika na gari lake kubwa. Naye ni mwindaji. Ana kipanga anayemtunza kuliko mke, kama mzee anavyopenda kumtania. Aliposikia habari alifurahi kwanza. Akazipiga nyayo picha, akawatumia marafiki, akawapigia simu akisema kwa majivuno kwamba bonde lao lina mbwa mwitu. Kisha akaambiwa habari ya kondoo walioliwa, na uso ukabadilika. Alikwenda garini, akarudi na kopo dogo lililofungwa kwa mfuko wa plastiki.

"Paka hii kwenye nyama, uiweke kule kwenye mawe," alimwambia Elphas.

"Sumu?"

"Bunduki itasikika, na serikali imepiga marufuku. Hii haisikiki."

Elphas hakulipokea. Alikuwa bado mdogo jirani yao alipotega sumu kwenye mzoga wa mbuzi ili amuue chui. Chui hakuula. Waliula mbwa wa baba yake, wote, wakafa wakizunguka mahali pamoja kama waliolewa, na siku mbili baadaye ndege waliowala mbwa wakaanguka pia. Baba yake aliweka mkuki darini na hakuushusha tena.

"Bosi, mafi sumu, hakuna sumu," Elphas alisema. "Askari ataila. Na mbweha, na tai. Nitamfukuza mimi mwenyewe."

"Kwa kengele?" Dhiyab aliuliza, na Elphas akatazama chini. "Sikiliza. Nakupa mpaka Ijumaa ijayo. Akichukua hata kondoo mmoja tena, nitatia sumu mimi mwenyewe, na wewe halas, umekwisha, unarudi Jeddah kubeba magunia. Ikama yako, kibali chako cha kuishi hapa, iko kwangu."

Elphas alimgeukia mzee. Mzee Mutlaq alikuwa anakoroga majivu kwa kijiti, akikoroga tu, kama mtu aliyeambiwa achague kati ya wanawe wawili.

Jioni ile dada yake Elphas, Jerioth, alipiga simu kutoka Jeddah. Yeye ni mfanyakazi wa nyumbani huko, na Ijumaa madamu wake humruhusu kushika simu akimaliza kupiga pasi.

"Kwa hivyo umekataa amri ya bosi kwa ajili ya mbwa?" alisema. "Aki Elphas, wewe kijana umechizi."

"Si kwa ajili yake. Ni sumu nimekataa."

"Haya mwambie Mama hivyo madirisha yakikosa. Mwambie, Mama, ni sumu nimekataa."

"Dada, wewe ulikuwepo wale mbwa wakifa."

Mvuke wa pasi ulisikika ukifoka. "Nilikuwepo," alisema. "Basi lala na hao kondoo. Vaa sweta."

Akalala na kondoo. Alichonga rungu kutoka mti wa mgunga, akajifunika blanketi katikati ya zizi, Askari kando yake bila kopo. Usiku wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Alinuka kondoo kiasi kwamba wenyewe walianza kumlalia miguuni. Alfajiri ya Alhamisi, mwanga ukiwa umeanza kuonyesha waya na nguzo, kondoo wote waliinua vichwa kwa pamoja.

Mbwa mwitu alikuwa ndani ya ua, karibu na pipa la maji. Elphas alikuwa ametarajia dubwana. Huyu alikuwa mdogo, mwembamba, mwenye miguu mirefu na masikio makubwa, rangi yake ikiwa ya mchanga wenyewe. Alimtazama Elphas bila chuki, kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake aliyemkuta kwenye kazi moja. Askari alisahau kubweka.

Wote waliokua na Elphas wanajua mkono wake. Alikuwa akiangusha kanga waliokwisha kuruka, na wazee walimwita awatungulie maembe bila kumwaga maua. Sasa mbwa mwitu alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, amesimama. Elphas aliinuka na kutupa. Rungu lilipita juu ya mgongo wa mnyama, likagonga pipa kwa kishindo kilichojaa bonde zima. Mbwa mwitu aliruka waya kana kwamba ni kizingiti cha mlango, na mara hakuwepo tena. Hakuchukua kitu.

Mzee Mutlaq alikuwa amesimama mlangoni mwa hema kwa ajili ya udhu, akiona yote. Alikuja bila mkongojo, akajikwaa mara mbili, akamshika Elphas mabega. Macho yake yalikuwa na maji.

"Nimekuona," alisema. "Ulikuwa naye mkononi, ukamwacha. Mimi nilipokuwa kijana sikuweza hilo. Wallahi sikuweza."

Elphas alifungua mdomo. Mzee alikuwa bado anazungumza, na kumkatiza mzee si adabu. Akaufunga.

Kesho yake Dhiyab alipokuja, mzee alimsimulia kabla hajazima gari. Alimweleza jinsi mtu wa kweli wa mawindo anavyojua kuinua mkono na kujua kuuzuia. Alimwambia ampe jirani hilo kopo lake, au alizike, lakini hapa halifunguliwi. "Ulipewa jina lake," alimwambia, "na unataka kumuua kama panya?" Dhiyab alikuna kidevu, akamtazama Elphas kwa macho mengine kabisa. Jumatatu alileta mafundi wakaongeza kimo cha waya, na akaleta mbwa wawili wakubwa wa kumsaidia Askari. Ikama haikutajwa tena. Wageni walipofika kunywa kahawa, mzee alikuwa akimwita Elphas asimame pembeni waone mkono uliomwacha mbwa mwitu, na kila aliposimulia, bonde lilizidi kuwa na mwanga na mnyama alizidi kuwa karibu. Hata Elphas mwenyewe, akisikiliza, alianza kuipenda hadithi hiyo. Mwishoni mwa mwezi walimsikia mbwa mwitu akilia mbali kwenye mawe. Mzee aliinua kidole watu wote wanyamaze, na Elphas akajikuta anatabasamu huku akihesabu kondoo kwa macho.

Ijumaa iliyofuata alimsimulia Jerioth habari yote kwenye simu. Alidhani angecheka. Hakucheka. Pasi ilikuwa imezimwa, alikuwa amekaa.

"Hatua chache, umesema."

"Ndiyo."

"Na amesimama."

"Ndiyo, dada."

"Hao Waarabu hawajakuona ukiangusha kanga. Mimi nimekuona. Nitakuuliza swali moja tu, na nikikata simu sitakuuliza tena. Ulimwacha, au ulimkosa?"

Elphas aligeuka asitazamane na hema, ambako mzee alikuwa anawamiminia wageni kahawa.

"Nilimkosa," alisema. "Nililenga kichwa."