Mji wa Ng'ambo ya Mto

Juzi nilimkuta mwanangu akicheza vita kwenye simu, mchezo wa kujenga dola kwa zamu, na ghafla nikasikia harufu ya korosho zilizokuwa zikichomwa uani kwetu Ufukoni nilipokuwa mtoto.

Mchana mmoja wa siku hizo mimi na dada yangu Somoe tulikuwa mbele ya kompyuta kuukuu ya baba, tukicheza mchezo kama huo. Miji yetu tuliipa majina ya kwetu, na mto wa kusini tuliuita Ruvuma. Tembo wangu wa vita wakavuka, ngoma zikarindima, na mji wa ng'ambo ukaanguka kwa zamu tatu. Niliruka hadi kiti kikapinduka.

Somoe akasema taratibu, "Ng'ambo si ndiko kwa bibi? Na leo anakuja."

Nikarudi mchezoni haraka. Niliomba amani, mfalme wao akakataa.

"Hodi," tukasikia mlangoni. Alikuwa bibi, na kapu lake la muhogo mkavu.

Hata shikamoo niliisahau. "Bibi, askari wamekuachia upite?"

"Wa pale mpakani wananijua wote, mjukuu wangu. Mmoja kanibebea na kapu."

Nilijaa fahari. Kumbe jeshi langu lilikuwa na adabu.

Juzi, kabla mwanangu hajashambulia, nilimuuliza huko ng'ambo anakaa nani.