Wembe wa Matanga

Kwetu Butiama msiba hauishi mpaka watu wa ukoo wanyolewe, na mnyoaji wetu ni baba mdogo mmoja ambaye macho yake yalishachoka zamani ila hataki kuambiwa. Alipofariki baba mkubwa nilikuja kutoka Musoma na pakiti nzima ya nyembe mpya, kila mtu na wake, nikidhani nimefanya la maana. Baba mdogo akaitia mfukoni.

"Ukoo mmoja, wembe mmoja," akasema. "Au wewe unatuona wachafu?"

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na hasira zangu ziko karibu, lakini mbele ya wazee nikanywea. Nikakaa kwenye kigoda, akanilima kichwa chote.

Aliyenitangulia pale alikuwa shangazi yangu, dada yake marehemu. Naye alichubuliwa, damu ikamshuka mpaka shingoni, tukacheka. Mchana uleule akaniita nyuma ya jiko. Alikuwa anapepeta mtama kana kwamba hakuna jambo.

"Mwanangu, mimi natumia dawa za virusi vya ukimwi. Mwaka wa kumi na moja huu. Vipimo vyangu vizuri, daktari anasema virusi vimelala, lakini ule wembe ulinikata mimi halafu ukakukata wewe. Dawa za kuzuia zipo, ila zina haraka. Siku tatu zisipite. Nenda."

Nikamwambia siri yake nitakufa nayo. Akaendelea kupepeta.

Hospitali za Musoma sikutaka hata kuzisikia. Kule kila nesi nimemtengenezea geti, au nimechelewa kumtengenezea. Kesho yake asubuhi nikapanda gari la Bunda, mahali ambapo kwa akili zangu hakuna anayenijua. Sijakaa vizuri kwenye benchi la hospitali, nikasalimiwa na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kaleta mtoto kliniki.

"Shem! Unaumwa?"

"Hapana, nimekuja kuangalia geti."

Akageuka kulitazama geti la hospitali. Lilikuwa jipya kabisa.

Ndani, nesi akaniuliza ilikuwaje. Nikasema nimenyolewa. Akaweka kalamu chini.

"Baba, hapa hatuhukumu mtu. Wewe sema ukweli tu, nani na lini."

Nikavua kofia. Alipokiona kile kichwa akasema "Maskini!" na kuokota kalamu yake. Akanipima, nikawa salama, akanipa kopo la vidonge: kimoja kila siku, saa ileile, siku ishirini na nane, nisiruke hata kimoja, kisha nirudi kupimwa tena. Nilirudi, na vipimo vyote vilitoka safi. Nasema mapema ili mtu asihangaike, maana kilichonihangaisha mimi ni kile alichonisukumia mwishoni: boksi la kondomu.

"Hizi ni za wewe na mama nyumbani," akasema. "Mpaka majibu ya mwisho."

Hapo nikajua nimekwisha. Vidonge unaweza kuvificha kwenye boksi la vijiti vya kuchomelea. Kondomu utaivaaje kwa siri? Nikaanza kuumwa mgongo. Wiki nzima nikalala nimegeukia ukuta, naguna. Vile vidonge navyo vikanipa kichefuchefu, basi nikawa naguna kweli. Mke wangu, masikini ya Mungu, akawa ananikanda na maji ya moto kila jioni mpaka ngozi ikababuka.

Siku ya tisa shemeji akapiga simu kutoka Bunda. Hawakuongea sana. Mke wangu alitoka moja kwa moja mpaka kwenye kibanda changu cha kazi, akapekua, akarudi na kopo mkono huu na boksi mkono huu.

"Geti, eeh?"

Nikamweleza habari ya wembe.

"Wembe! Wanaume wa mtaa huu wa Bweri mna uongo, lakini huu umeuchomelea mwenyewe. Haya, kichwa cha nani kilikutangulia?"

Nikalitazama lile kopo.

"Mimi nilikuwaga nakuamini," akasema, akaviweka vyote viwili mezani. Afadhali angenitukana. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kwenye chumba cha vipimo, maana nilimwona kabisa anaondoka na wanangu, na mimi mdomo nimeufunga mwenyewe.

Akafanya ambacho mke yeyote wa kwetu angefanya: akampigia simu shangazi wa mume, aje ahukumu. Shangazi yuleyule! Kesho yake akashuka kwenye bodaboda na mfuko wa viazi, akakaa, akasikiliza mashtaka yote, kopo na boksi vipo mezani. Mimi nakonyeza, nakohoa, namwambia, "Shangazi, umechoka na safari, kapumzike kwanza."

"Anasingizia msiba, Shangazi!" mke wangu akamalizia, analia. "Msiba wa kaka yako!"

"Hasingizii," shangazi akasema. "Kichwa kilikuwa changu."

Akafungua mkoba, akatoa kopo lake, akaliweka mezani. Yalifanana kila kitu. Mke wangu akakaa chini polepole. Mimi ndiye niliyeruka.

"Shangazi! Siku kumi nimenyamaza! Nimekubali kuitwa malaya ndani ya nyumba yangu kwa ajili yako!"

"Nani alikutuma?" Sijawahi kumwona amekasirika vile. "Mimi nilikwambia ukameze dawa. Sikukwambia unionee aibu."

Mke wangu alikuwa ameshainuka, kamshika shangazi mkono, anamuuliza yeye humeza saa ngapi.